Kengele Kwenye Ngazi Kavu

Hadi saa nne asubuhi ya Ijumaa, watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kumwambia Sajini Clement Tunnard ni nani aliyeiba kengele ya soko la Stanholme. Kumi walimtaja Mzee Amos Leverton. Wa kumi na moja alikuwa Mzee Amos mwenyewe.

"Andika ni mimi, tumalize," alisema mzee, kofia yake ya urubani wa meli ikiwa magotini. "Nipe karatasi nitie sahihi."

"Umeiba, ukaiweka wapi?"

"Sikumbuki."

"Ukamuuzia nani?"

"Hilo nalo sikumbuki."

"Mzee wangu, mwizi gani wewe? Mwizi wa kweli angalau hudanganya vizuri."

Tunnard alimsogezea kikombe cha chai na kipande cha mkate wa zabibu alichofungiwa na mkewe. Sajini huyu alikuwa mtu wa kitambi na subira, mtoto wa mvuvi wa uduvi, na hakuwahi kumhoji mtu mwenye njaa. Mzee hakuugusa mkate. Alichokiona Tunnard usoni pake hakikuwa woga. Ilikuwa aibu, na aibu ya namna ile haitokani na kuiba kengele.

Kwa miaka arobaini Amos alikuwa amezipandisha meli kwenye mto Wenn, kutoka baharini hadi gatini, katikati ya mafungu ya mchanga yanayohama kila baridi. Alipostaafu, mji ukampa koti jekundu la mpiga kengele, na amelivaa mwaka wa kumi na mbili sasa. Kengele yenyewe ilitolewa baharini, kwenye meli iliyozama enzi za biashara ya sufu, na kila Juni, siku mbili kabla ya Gulio Kuu, mpiga kengele huirudisha baharini ioge. Huiweka kwenye ngazi ya tano ya gati la zamani maji yakikaribia kujaa, kisha hugeuka akaenda zake. Maji huifunika, maji huifunua. Kukaa kuitazama ni mwiko.

"Nieleze tena," alisema Tunnard. "Jana uliiweka saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo jioni. Nusu saa kabla maji hayajajaa."

"Ukaenda wapi?"

"Kunywa bia yangu moja, kama desturi. Nikarudi saa moja na nusu. Ngazi ipo, kengele haipo."

"Na ngazi ilikuwa imelowa?"

Mzee akakitazama kikombe cha chai kama mtu aliyetumbukiza kitu ndani.

"Andika ni mimi," alisema.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Aliingia Diwani Bernard Pogson, muuza misumari na vyuma, mwenyekiti wa kamati ya soko, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

"Wafini!" alisema. "Sajini, unakunywa chai na kengele iko njiani kwenda Helsinki! Meli yao ya kubeba mbao ilikuwa kwenye bwawa la meli. Imeondoka na maji, saa moja na robo. Huyu kaiweka pale saa moja kasorobo, Mfini kaipitia, kwaheri!"

"Hilo umeliona kwa macho, Bwana Pogson?"

"Nimelipiga hesabu. Kesho nashuka kwenye mashua mbele ya watu elfu mbili. Nani atanipigia kengele? Gulio halijawahi kufunguliwa bila kengele hata siku moja. Kama kesho haipo, Jumatatu huyu mahakamani, na lile koti arudishe leo."

"Koti lipo msumarini, nyumbani," alisema Amos taratibu. "Lichukueni."

Tunnard hakupenda namna alivyolisema. Akavaa kofia yake, akawaacha wote wawili, akaenda bwawani.

Harold Skeels, mlinzi wa lango la bwawa la meli, alikuwa akipaka grisi minyororo. Hakuacha kupaka.

"Wafini wametoka saa kumi na mbili na dakika kumi," alisema. "Maji yamejaa saa kumi na mbili na robo. Na nusu nimefunga lango. Soma mwenyewe, daftari lile pale dirishani."

"Una hakika? Si saa moja na robo?"

"Sajini, meli ya tani mia nane haipiti kwa kuombewa. Ingesubiri hadi saa moja na robo, sasa hivi ungekuwa unaiona imelala ubavu matopeni, na nahodha anakulaani Kifini."

Tunnard alisoma daftari. Mwandiko ulikuwa wa Skeels, wino ulikuwa wa jana. Basi Wafini walikuwa mbali, wamepita mdomo wa mto, wakati kengele inawekwa ngazini. Hilo lilikuwa jema. Baya likafuata.

"Mzee Amos anasema aliiweka nusu saa kabla maji hayajajaa. Saa moja kasorobo."

Skeels sasa aliacha kupaka. "Saa moja kasorobo maji yalikuwa yanakimbia, nusu saa nzima yanapwa."

"Yaani alikosea?"

"Amos? Akosee maji?" Skeels alicheka hadi akakohoa. "Yule mzee anayajua maji hata usingizini. Hapana. Kakudanganya tu. Na inaniuma kusema hivyo, maana ndiye aliyenifundisha kazi."

Tunnard alikaa kwenye benchi la gati la zamani na pai yake ya nyama ya nguruwe, kwa sababu kufikiri na njaa haviendi pamoja. Mbele yake ngazi za mawe ziliteremka hadi mtoni, tano za juu kavu, zilizobaki zimevaa mwani. Akaihesabu ya tano. Juu yake hapakuwa na chochote, ila kinyesi cha shakwe.

Akatoa mfukoni kadi ya maji ya mwaka ule wa 1974, ambayo kila mtu wa Stanholme hutembea nayo. Alhamisi, maji kujaa jioni: saa kumi na mbili na robo. Na kichwa chake, bila kuombwa, kikaongeza moja: saa moja na robo.

Akaacha kutafuna.

Aliisoma tena. Kadi ilisema kama Skeels. Ni yeye Tunnard aliyesema kama Amos na Pogson. Kwa nini aliongeza? Aliongeza kwa sababu alizaliwa pale. Tangu enzi za babu, kadi za maji zilichapwa kwa saa za majira ya baridi. Kiangazi, nchi nzima inaposogeza mishale ya saa mbele kwa saa moja, kadi hubaki ilipo, na mtu huongeza moja mwenyewe. Mama hakumruhusu mtoto kwenda kuchezea matopeni kabla hajamuuliza, "Umeongeza moja?" Mgeni angesoma kadi kama ilivyo, akafa maji. Mwenyeji huongeza, akaishi.

Lakini mwaka ule kulikuwa na baraza jipya, na baraza jipya lilitaka kadi mpya, iliyogawiwa wiki ile tu. Tunnard aliisogeza karibu na pua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: Saa zote zimekwisha kusogezwa kwa kiangazi.

"Lo," alimwambia shakwe aliyetua karibu. "Tumeongeza mara mbili."

Skeels hakuwa na haja ya kadi. Yeye hutazama alama za nguzo ya lango. Amos alisoma kadi, akaongeza moja kama alivyofunzwa, akaiweka kengele maji yakiwa tayari yanarudi baharini. Hayakuigusa kabisa. Kwa dakika arobaini na tano ilikaa kwenye jiwe kavu, mchana kweupe wa Juni, inang'aa.

Na mzee aliporudi akaikuta ngazi kavu, hilo ndilo alilolificha. Kuteleza si kuanguka, husema watu, lakini hayo ni ya mtu mwingine, si ya rubani. Rubani mmoja aliyeipandisha meli ya makaa ya mawe juu ya mchanga mwaka 1881 bado anachekwa baani, na wajukuu wa wajukuu zake wamehama mji. Tunnard aliifunga pai yake iliyobaki. Alimwonea huruma mzee, na zaidi alifurahi, kwa sababu sasa alijua pa kutafuta.

Nani huteremka ngazi zile maji yakipwa? Wavuvi wa uduvi, ambao hutoka na maji yanayotoka. Na ni mashua moja tu iliyofungwa kwenye gati la zamani.

Nell Thirkettle, mwenye mashua hiyo, alikuwa amesimama kwenye banda lake, mikono imekunjwa hadi viwiko, anachemsha uduvi wa usiku kwenye sufuria la shaba. Mvuke ulinukia hadi barabarani.

"Nell, jana uliteremka ngazi hizi saa ngapi?"

"Maji yalipoanza kwenda. Sina saa mimi, nina macho."

"Na kadi?"

"Kadi ya nini? Mto uko pale."

"Ukaona nini ngazi ya tano?"

Nell alikoroga mara mbili. "Niulize Alhamisi."

"Nell, leo Ijumaa."

"Ndiyo maana nimekwambia Alhamisi. Ukitaka uduvi nikupimie. Ukitaka maneno, rudi Alhamisi."

"Kuna mzee atapelekwa mahakamani Jumatatu. Naweza kukuweka ndani, unajua."

"Niweke. Ila mwambie mkeo aje amalizie kuchemsha, hawa hawasubiri serikali." Kisha akashusha sauti kidogo. "Mzee gani? Si nilisikia ni Wafini?"

"Mzee Amos."

Mwiko ukasimama. Nell aliuma mdomo, akamtazama Tunnard, akatazama mto, akarudi kukoroga kwa nguvu zaidi.

"Alhamisi," alisema. "Siwezi, Clement. Ukinichinja siwezi."

Tunnard alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Alhamisi hadi Alhamisi, siku saba. Kitu kikamjia, cha zamani sana, chenye sauti ya bibi yake.

"Baba yako kazikwa wapi, Nell?"

"Oldstaithe. Na babu, na baba yake babu. Kwani?"

"Basi tu. Nipimie nusu lita."

Nell alimpimia lita nzima, na alipompa alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Sijasema kitu mimi."

"Hujasema. Nitaapa."

Amos alikubali kupanda gari kwa sababu alidhani anapelekwa rumande. Walipoiacha barabara ya mjini na kuingia kati ya mashamba ya ngano, akaanza kugeuka kitini.

"Huku ni Oldstaithe."

"Ndiko."

"Maili mbili kutoka mtoni."

"Leo ndiyo. Zamani, wapi?"

Hilo hakuna asiyelijua. Kanisa la Oldstaithe limesimama peke yake katikati ya ngano, na ukutani mwake zimo pete za chuma za kufungia meli. Bandari ilikuwa pale. Kisha mchanga ukaukaba mto, Waholanzi wakaletwa kuchimba mkondo mpya ulionyooka, maji yakahamia Stanholme, na soko likayafuata maji. Kanisa halikuweza kuhama. Ndani yake likabaki sanduku la mwaloni, na sheria yake: kitu kikiokotwa chini ya mstari wa maji kisiuzwe, kisitangazwe. Kitiwe sandukuni, na mwokotaji anyamaze siku saba, ili mwenyewe aje akieleze kwa kinywa chake bila kudokezwa. Watu wengi wa Stanholme waliisahau sheria hiyo zamani. Akina Thirkettle wa Oldstaithe hawakuisahau.

Tunnard alizima gari mlangoni pa kanisa. Amos alikuwa ameushika mkono wa mlango, lakini hakuufungua.

"Yule bibi wa funguo za sanduku ataniuliza maswali manne," alisema. "La nne ni maji yalikuwaje."

"Najua."

"Siwezi, Clement. Heri niitwe mwizi. Mwizi hutubu, akasamehewa." Akauachia mkono wa mlango. "Nilirudi pale nikakuta maji yako chini kule. Nikasimama nikitazama, sielewi. Ndugu yangu Walter alianza hivyo hivyo. Kwanza alisahau siku, halafu akasahau jina langu. Nikasema basi, na mimi akili imeanza kupwa. Binti yangu akijua, ataiuza mashua yangu na kunipeleka nyumba ya wazee. Nikasema bora jela, jela hawakupimi akili."

Tunnard aliona aibu kwamba alikuwa amedhani ni fahari tu ya rubani. Alitoa kadi, akamwekea mzee kwenye paja, akaweka kidole chini kabisa.

"Vaa miwani, usome hapa."

Amos alivaa miwani. Alisoma. Akaigeuza kadi akatazama nyuma, akaigeuza tena, akasoma kwa mara ya pili akisogeza midomo.

"Hawa washenzi," alisema hatimaye, "wameongeza wenyewe."

"Wameongeza wenyewe."

"Hawakumwambia mtu!"

"Wamekwambia. Kwa herufi za sisimizi. Na mimi nimeongeza, Mzee Amos, leo mchana, nimekaa pale nina akili zangu zote na pai mkononi. Pogson naye kaongeza. Huna ugonjwa wewe. Wewe ni mtu wa Stanholme tu."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akatembea mbele ya Tunnard kama mtu anayewahi meli.

Bi Edith Wray, mtunza funguo, alitoka makaburini amevaa mabuti ya bustani, mkasi wa maua mkononi.

"Nani kapoteza?" aliuliza.

"Mimi, Bi Wray. Amos Leverton."

"Kitu gani?"

"Kengele ya shaba, ya mkono. Ina ufa mdogo ukingoni. Ulimi wake umezungushiwa uzi wa sufu wa buluu. Marehemu mke wangu, Marjorie, ndiye aliyeuzungusha, ili nikiibeba isilie njiani. Mwaka jana alikuwa hajafa bado."

"Wapi?"

"Gati la zamani, ngazi ya tano."

Bi Wray alimkazia macho. "Na maji yalikuwaje?"

"Yalikuwa yanapwa," alisema Amos kwa sauti safi. "Nami nilidhani yanajaa."

Nyusi za Bi Wray zilipanda. Aliingia ndani, akahangaika na kufuli, na kifuniko kikalia kama mlango wa ghala. "Mara ya mwisho mtu kuja kudai kitu hapa ilikuwa 1938," alisema akiwa ameinama, "na yalikuwa meno ya bandia." Akainuka na kengele mikononi. Uzi wa buluu ulikuwepo.

Jioni ile Tunnard alimpigia simu Pogson, akamweleza kwamba kengele imepatikana, haikuibwa, na kwamba atazame chini ya kadi yake. Kesho maji yangejaa saa moja na nusu asubuhi, si mbili na nusu kama yalivyosema mabango ya kamati.

"Sajini," alisema Pogson, "mimi nimezaliwa mji huu. Sifundishwi kuongeza moja." Akakata simu.

Kwa hiyo Jumamosi, saa mbili na nusu, watu elfu mbili walikuwa wamejaa gatini, vibanda vya jibini na viatu vimepangwa hadi kwenye kanisa la mjini, na mashua ya Pogson ikaonekana kwenye kona ya mto, bendera mbele, yeye amesimama na mkufu wa fedha kifuani. Hatua ishirini kabla ya ngazi, mashua ikatoa sauti ya kukwaruza, ikasimama. Pogson hakusimama. Alikwenda mbele hadi alipokumbatia bendera.

Kicheko kilianzia kwa wauza samaki, kikaenea. "Shuka uisukume, Mheshimiwa!" "Nani kakufundisha maji, fundi misumari?" Uso wa Pogson ulikuwa umegeuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Mto ulizidi kushuka, na kila dakika mashua ililala zaidi upande.

Amos alikuwa ngazini, amevaa koti jekundu. Nell, aliyesimama karibu na Tunnard, alimnong'oneza, "Mwache akae pale hadi jioni. Si alimwita mwizi?" Tunnard alimtazama mzee akiteremka hadi ngazi ya mwisho kavu na kuinua mkono juu.

"Msimcheke!" alipaza sauti, ile sauti iliyozoea kushindana na upepo. "Alhamisi mimi, rubani wa miaka arobaini, niliiweka kengele hii hapa maji yakipwa, nikidhani yanajaa. Mimi! Sasa toeni kadi zenu, kila mtu, msome mstari wa chini."

Mikono ikapekua mifukoni. Watu walisoma. Mzee mmoja akapiga paja lake. Mama mmoja akamgeukia mumewe, akasema, "Ndiyo maana wiki nzima unaikosa mashua." Kisha wakacheka tena, safari hii kila mtu anajicheka mwenyewe.

Amos hakuwangoja. Alikuwa amemgeukia Pogson.

"Vua viatu, Bwana Pogson. Shuka upande wa kushoto, chini kuna changarawe."

Pogson alivua viatu. Akashuka, matope yakamfika magotini.

"Njoo moja kwa moja. Hapo simama, mbele yako kuna shimo. Kulia. Kulia tena kidogo. Basi. Sasa njoo, njoo, usiogope, ninakuona."

Diwani alikuja, hatua kwa hatua, mkufu ukimpiga kifuani, macho kwenye koti jekundu. Kwenye ngazi ya tano Amos alimpa mkono, akamvuta juu.

"Mzee Amos," alisema Pogson, na kwa mara ya kwanza mjini hapo sauti yake ilisikika na mtu mmoja tu. "Nilikukosea."

"Uliongeza moja," alisema Amos. "Karibu gatini."

Akaufungua uzi wa buluu kwenye ulimi wa kengele, akautia mfuko wa juu wa koti, akapiga.